Nafsi ya Kwanza

Nusu saa ni mia tano.
Saa nzima elfu moja, hakuna punguzo,
hata kwa Nderingo anayedai bibi yake ndiye aliyenikata kitovu.
Daftari ninashika mimi.
Runinga tatu, pedi sita,
moja ina kitufe kinachonata
tangu Kanankira aishike na vidole vya kitumbua.

Hapa Pasua, nyuma ya duka la mbolea,
mlima ukijifunua asubuhi hakuna anayetoka kuutazama.
Wao wana mlima wao kwenye kioo,
theluji yake haipungui,
na juu yake amelala mdunguaji.

Wanabishana.
Nderingo anasema gemu ni ya bunduki, mengine ni chekechea.
"Ukiwa ndani unaona mikono yako tu, na mtutu.
Hakuna kamera ya kukufuata mgongoni kama mama mkwe.
Ukikanyaga kigae, unasikia kigae.
Hapo ndipo mtu anajijua."

"Unajijua nini," anasema Kanankira,
"na umejificha bafuni dakika kumi kusubiri watu wapite?
Hiyo si vita. Hiyo ni kuvizia kuku."
Yeye ni wa mpira.
Kwake mchezo usio na refa ni fujo,
ingawa refa naye humtukana.

Mzirai, fundi pikipiki, hachangii.
Yeye huendesha lori usiku kucha
katika nchi ambayo hataiona,
anasimama kwenye taa nyekundu barabara ikiwa tupu,
anawasha indiketa,
anasubiri.
Huku nje ameshapigwa faini mara tatu mwezi huu.

Halafu Anaeli, kidato cha pili, sare bado mwilini,
akauliza jambo ambalo halikuulizwa na mtu:
"Mbona nyumba za maadui zina bati kama zetu?"

Wakamwambia anyamaze, zamu yake bado.
Lakini Nderingo alifika kwenye nyumba ile,
kamba ya nguo, ndoo ya njano mlangoni,
bomu mkononi,
akapita.
Niliona. Sikuandika.
Daftari langu ni la dakika tu.

Shuleni tuliimbishwa: nafsi ya kwanza umoja, mimi.
Mimi ninapiga.
Nafsi ya pili, wewe. Wewe unaanguka.
Ya tatu, yeye, ndiye asiyekuwepo wakati anasemwa.
Mwalimu akafuta ubao kabla hatujamuuliza
kwa nini neno hilohilo
ndilo wanalolitaja msibani.

Luku ilikuwa inalia tangu saa kumi na moja.
Kwa milipuko ile nani angesikia?
Giza likaingia kati ya risasi na mtu.
Kelele, benchi likaanguka,
na Kanankira, katika weusi ule, kwa sauti ya hakimu:
"Dakika zangu saba!"
Nikaandika kwa mwanga wa simu:
Kanankira, saba, anadai.
Walipoondoka niliwasikia mpaka kwa muuza mishikaki
bado wanagombana juu ya nani angeshinda.

Nilinunua umeme kwa hela ya chai yangu.
Tarakimu ishirini, nikakosea mbili, nikaanza upya.
Mlango nikaufunga kwa ndani, sauti nikaizima.

Mimi huwa sipigi mtu.
Wakishaondoka huwa natembea tu katika kile kijiji.
Nafungua milango.
Chumba kimoja kina kalenda isiyo na mwezi.
Kingine kina sufuria jikoni, moshi unatoka,
nami nimejaribu vitufe vyote:
cha kuruka kipo, cha kuinama kipo,
cha kurusha, cha kuchoma, cha kubadili silaha.
Cha kufunua mfuniko hakipo.

Usiku huo nilisimama pale jikoni kuliko siku zote.
Nyuma yangu kivuli kikasogea ukutani.
Nikageuka.
Alikuwa na kanga, au kitu kama kanga,
na mikono yake ilikuwa mitupu, nadhani ilikuwa mitupu,
kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Wakiniuliza kesho kwa nini risasi moja imepungua
nitasema ni ile pedi.
Nitasema ni kile kitufe kinachonata.